Jina la Kumwita Zuhura

Somoe mwanangu,

Zamani barua ilianza kwa mtu kusema yeye ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Mimi leo siwezi kuanza hivyo. Wewe bado hujawa mbali, uko Manzese kwa yule dada yako wa kusuka, na hofu yote iko hapa Vingunguti, imekaa nami jikoni. Begi lako nimelifunga na kulifungua mpaka baba yako akaniambia, "Mama Somoe, hiyo zipu itakufa kabla mtoto hajafika Kibiti." Kisha akavaa kandambili akaenda machinjioni, ingawa leo hana mbuzi hata mmoja wa kuuza. Nadhani amenikimbia.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa. Wiki nzima kila nikitaka kukuambia jambo la maana, kinachotoka ni kama umeweka chandarua, kama vyeti viko kwenye nailoni, kama simu ina chaji. Unanijibu "ndiyo mama, ndiyo mama" kwa ile sauti yako ya kunivumilia. Basi ya chandarua tuyaache. Ukikisahau, hata Masasi kuna mbu na kuna maduka. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya lile swali.

Uliniuliza Jumapili tukiwa tunachambua mchele. Ulisema, "Mama, nikifika, yule mama nitamwitaje?" Na mimi nikasema mchele wa siku hizi una mawe mengi. Ukaningoja. Nikainuka kwenda kutazama sufuria ambayo hata sikuwa nimeiteleka. Hukuuliza tena, una adabu kuliko ninavyostahili. Sasa kesho alfajiri unapanda basi kwenda kuanza kazi ya ualimu, na Zuhura, aliyekuzaa, atakuwa stendi ya Masasi anakungoja, na wewe hujui utamwitaje kwa sababu mimi sijakujibu.

Sikukujibu kwa kuwa naogopa. Naogopa kwamba siku utakapomwita yeye mama, mimi nitakuwa "yule mama wa Dar aliyenitunza." Wapo watu wengi wa namna hiyo mjini. Wanatumiwa salamu sikukuu, wanatajwa kwa heshima, na basi. Haya, nimeshasema, na herufi zimepinda, utanisamehe mwalimu.

Wewe hukufichwa kitu, hilo najivunia. Tangu ukiwa na akili ya kuuliza tulikuambia. Lakini hadithi yenyewe umeipata zaidi kwa shangazi yako, na shangazi yako hana jambo asilolisimulia kwa kuchekesha, hata msiba. Isome kwangu mara hii moja.

Tulipokuja kutoka Ugogoni, mimi na baba yako tulipanga chumba hapa hapa Vingunguti, yeye akaingia kwenye udalali wa mbuzi. Chumba cha pili alikaa Zuhura, msichana wa Masasi, mdogo kwangu, anakaanga mihogo barazani. Mimi nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza, Matika. Zuhura alikuwa na mimba yako, na mwanamume aliyempa mimba alikuwa ameaga anakwenda kutafuta maisha, akatafuta moja kwa moja. Ulizaliwa masika. Masika hayo hayo Matika alishikwa na homa, asubuhi alikuwa ananyonya, kesho yake tukamzika.

Kitu ambacho shangazi yako hasemi, kwa sababu hakichekeshi, ni kwamba maziwa hayakujua kama kuna msiba. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wa matanga, blauzi imelowa, nikitamani ardhi inimeze. Na wewe chumba cha pili unalia. Zuhura maziwa yake hayakutoka, alikuwa amekonda, hali vizuri, analala analia na wewe. Siku ya pili akafungua pazia, akakuweka mapajani mwangu bila hata kunipa pole. Akasema, "Dada, mnyonyeshe mara moja tu, mie maziwa yamegoma." Ulinidaka kama mtu anayedai deni lake. Mimi nikalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu kuzika, na wewe hukujali, ukanyonya tu.

Mara moja ikawa kila siku. Kisha Zuhura akaletewa habari kwamba mama yake kule Masasi ameanguka, upande mmoja hauna nguvu. Akaniambia anakwenda mpaka mvua ziishe. Mvua ziliisha, zikaja nyingine. Mama yake alilala kitandani miaka, Zuhura akaolewa huko huko na kupata watoto wengine. Alituma salamu, alituma korosho kila msimu, akawa hana nauli, baadaye nadhani akawa hana uso. Simlaumu, na sikukulea umlaumu. Mwenye nyumba wetu, Bi Mwanaidi, alipoona nimeanza kuogopa kila basi la kusini linaloingia mjini, aliniambia, "Wewe usihangaike. Keshakunyonya, kwa dini yetu ni mwanao wa ziwa huyo, hakuna wa kukuvua umama." Mimi si Mwislamu, lakini nililishika neno lile kwa mikono miwili.

Sasa nije kwenye kosa langu, lile ambalo shangazi yako hulifanyia mzaha kwamba "mama yako alikuvalisha nguo za marehemu."

Kwetu, mbuzi akifiwa na kitoto, na huku kuna kitoto kingine kimefiwa na mama, hatukubali kupoteza maziwa na kupoteza kitoto. Baba yangu alikichuna kile kilichokufa, akachukua ngozi akaivika kile yatima mgongoni, akaifunga kwa kamba tumboni. Mbuzi ananusa, anapata harufu ya mwanawe, anasimama ananyonyesha. Siku chache tu zinatosha. Maziwa yakishapita kwenye tumbo la yatima, naye anaanza kunukia yule mama, na hapo ngozi inavuliwa. Kuvua ilikuwa kazi yangu mimi, mtoto wa kike mkubwa. Msimu mmoja nikapuuza, nilikuwa nacheza rede na wenzangu. Ngozi ikaozea juu ya kitoto kilicho hai. Yule mbuzi akaanza kukipiga pembe, kila kikisogea anakipiga. Baba alinichapa siku ile, lakini fimbo nimeisahau. Kilichonikaa ni kile kitoto kinavyorudi na kurudi kwenye kiwele, hakielewi kimekosa nini.

Mtu aliyeona hivyo ungetegemea ajifunze. Mimi nikakuvika gauni la Matika, sweta la Matika, kofia niliyoifuma mwenyewe kwa ajili ya Matika. Na jina nikakupa hilo hilo. Zuhura alikuacha unaitwa Somoe, mimi nikasema, jina gani hili, mtoto hajalizoea. Majirani waliona, wakaniacha. Walikuwa wananiita Mama Matika tangu zamani, wakaendelea kuniita hivyo, na mimi nikaitika, nikajiona nimemshinda Mungu.

Ukafika wakati wa kusimama dede. Ulishika ndoo ya maji hapo uani, ukainuka, miguu inacheza, ukanicheka. Matika alikufa hajajua hata kutambaa. Nikakutazama na lile gauni limekubana kwapani, nikaona mtoto nisiyemjua amevaa nguo za mwanangu. Nikageuka. Ulinifuata kwa kutambaa, nikainuka nikakaa kwingine. Ukanifuata tena. Nakuambia kweli, siku ile sikutaka kukushika, na ziwa lenyewe nilikupa huku nimetazama ukutani.

Baba yako alikuwa mlangoni ananiona. Unamjua baba yako, maneno kwake ni kama mafuta ya taa enzi zile, anayapima. Akasema, "Mke wangu, vua hiyo ngozi. Imeanza kunuka."

Nilikuvua, nikakuogesha hapo hapo uani, nikakufunga kipande cha khanga. Zile nguo nilizikunja, baba yako akazipeleka sijui wapi, mpaka leo sijamuuliza. Akarudi akauliza, "Zuhura alimwita nani huyu?" Nikamwambia, Somoe. Akasema, "Basi Mama Somoe, mpe mtoto uji."

Hilo ndilo jina langu, mwanangu. Nina jina la ubatizo na jina la ukoo, lakini ukiuliza hapa machinjioni nani anauza supu nzuri ya mbuzi, hakuna atakayelijua. Wanajua Mama Somoe. Jina la Mama Matika lilikufa na mwenyewe, na la pili nimepewa kwako. Ndiyo maana nimekuwa nikilinda jambo hili kama mtu anayelinda kiwanja kisicho na hati.

Nimekulinda vibaya pia. Nilikuwa nakuamsha usiku nione kama unapumua, kisha nakugombeza kwa nini unalia usiku. Ulipopata homa ya kwanza nilikukimbiza zahanati, daktari akasema ni meno, nikamwambia hana akili. Ulipokwenda shule ya bweni nikawa nakuja hata siku zisizo za wageni, nasimama nje ya uzio na chupa ya chai iliyojaa supu. Yule mlinzi alikuwa ananiita Mama Supu. Siku moja rafiki zako wakacheka, nikakusikia unawaambia, "Mwacheni, mama yangu huwaga na wasiwasi tu." Hukunionea haya. Nililia njia nzima, lakini Jumamosi iliyofuata nilikuja tena, kwa hiyo usidhani nilijifunza chochote.

Nilikuwa naamini kwamba nikiacha kukutazama utapotea. Matika nilimtazama usiku kucha na akapotea. Sijui kwa nini jambo hilo sikuliweka pamoja na hili mpaka nimezeeka.

Sasa lile neno la Kizungu. Unakumbuka mwezi uliopita ulikuwa umetandaza vitabu vyako kibandani kwangu, karibu na bakuli la pilipili, unaandaa somo lako la kwanza? Nilikuwa napasua kongoro. Ukaniambia, "Mama, unalijua neno 'kid'?"

Nikasema, "Nalijua. Si liko kwenye mitumba ya watoto?"

"Mwanzo halikuwa la mtoto wa mtu. Lilikuwa la mtoto wa mbuzi."

Wale vijana wachinjaji walicheka mpaka supu ikawapalia. Mmoja akasema, "Kumbe Mama Somoe siku zote anatuuzia supu ya kid na hatuambii!" Nami nikacheka. Ukaendelea kunieleza, na mimi napenda unavyoeleza, macho yanakutoka. Ukasema neno hilo si la Waingereza wenyewe kwa asili, lililetwa na watu wa kaskazini waliovuka bahari zamani sana. Likakaa kwa mbuzi miaka mingi. Halafu watu wa mitaani wakaanza kuwaita hivyo watoto wao kwa utani, kama vijana wa hapa wanavyosema dogo. Wenye heshima zao wakakunja pua. Hata leo, ukasema, kuna walimu hawalitaki kwenye insha.

Nikakuuliza kwani wao wenyewe hawakuwa na neno la mtoto. Ukasema, "Wanalo, mama. 'Child'. Hilo ni la kwao kabisa, la zamani. Wasomi wanadhani lilitokana na neno la tumbo, tumbo la mama."

Hapo ndipo nilipokukatisha na kusema ondoa vitabu vyako mezani kwa wateja. Ulidhani nimechoka. Sikuchoka. Nilikuwa nimesikia kwamba Wazungu wana maneno mawili, moja la tumboni, na jingine lililotoka nje, likapita kwa mbuzi, likaja kwa watoto kwa mlango wa nyuma. Na mimi nilijua mara moja mimi ni mama wa lipi. Kisu kikateleza kikanikata kidole, ukaniletea plasta, ukadhani ni bahati mbaya tu.

Jioni nikiwa nakosha sufuria nikakuuliza, nikijifanya sina habari, hivi nyumbani kwao, kwa mapenzi, hutumia lipi zaidi. Ukasema, "Nyumbani? Mara nyingi 'kid'. Child wanaliandika sana kwenye makaratasi." Ah, Somoe! Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Nilikwenda kulala na furaha ile, na baba yako akaniuliza nacheka nini gizani. Ndipo nikaona aibu. Nimemshinda nani? Zuhura hayupo, hajui hata kama tunashindana. Na ulikuwa umeniambia jambo jingine ambalo sikutaka kulisikia, kwamba yale maneno yote mawili yapo mpaka leo, hakuna lililofuta jingine, na hata mbuzi hakupokonywa lake. Nilichukua nusu iliyonipendeza, hiyo nyingine nikaiacha mezani.

Ndiyo tabia ya hofu, nimeiona kwangu. Inakufanya usikie nusu. Utakuwa na darasa la watoto wa watu, na wazazi watakaokuja wamefura kwa jambo dogo, mtoto kanyimwa alama, mtoto kakalishwa nyuma. Usiwaone wajinga haraka. Pengine yuko mmoja anaogopa kitu asichoweza kukitaja, na amekuja kugombania dawati.

Na huyo utakayemkuta stendi. Nimemfikiria sana, zaidi ya ilivyo haki yake na zaidi ya ilivyo haki yangu. Zuhura ana mtoto mchanga kichwani, wa kupakata, aliyemwacha analia. Miaka yote hiyo amekuwa akimfuga huyo mtoto kichwani, na kesho atashuka kwenye basi mwanamke mwenye rasta mpya na digrii. Atakutazama atamtafuta yule mchanga. Huenda akakupikia uji. Huenda akakuita kwa sauti za kitoto, akataka kulala na wewe chumba kimoja, akakuletea kitu alichokushonea kisichokupita hata mkono. Usimcheke na usimkatalie siku ya kwanza. Mpe siku chache, hata mbuzi tulimpa siku chache. Halafu polepole, kwa upendo, umsaidie kuivua ile ngozi. Usikubali kukaa humo muda mrefu kwa kumhurumia, kwa maana mimi najua jinsi inavyooza, na najua anayepigwa pembe ni nani.

Nimefika hapo nikaweka kalamu. Nilikuwa nataka kukuandikia jibu, na jibu halitoki. Nimekwenda kukagua begi lako tena. Nimerudi. Mwisho nikachukua simu nikampigia Zuhura, jambo ambalo sijawahi kulifanya mimi mwenyewe, siku zote huwa ni yeye anayepiga na mimi ninayempa baba yako azungumze.

Alipokea haraka sana, nadhani simu ilikuwa mkononi. Akasema, "Shikamoo dada. Kuna nini? Mtoto haji tena?"

Nikamwambia anakuja, atulie. Nikasikia anashusha pumzi. Tukasalimiana, watoto, shamba, afya. Halafu mimi nikawa nahesabu vocha inavyokwenda. Yeye ndiye aliyeanza.

"Dada, anakulaga nini? Mie nimeuliza kila mtu hapa mwalimu wa Dar anakula nini, wananicheka."

Nikamwambia anakula kila kitu isipokuwa bamia, bamia anazipitisha kwa adabu na kuzificha chini ya ugali. Akacheka kidogo. Kisha akasema, "Mie naogopa, dada. Silali. Akishuka akaniamkia kama mtu wa njiani tu, nitaweka wapi uso wangu? Sina haki ya kudai, najua. Lakini nitauweka wapi?"

Huko kwake nikasikia mtu anabisha, sauti ya mwanamke, jirani bila shaka, akaita kwa nguvu, "Mama Somoe! Mama Somoe!"

Nikaitika, "Abee!"

Na yeye akaitika, "Abee!"

Tumeitika pamoja, mwanangu, mimi Vingunguti na yeye Masasi. Yule jirani akaita tena, hakuna aliyemjibu.

Cha kwanza kilichonijia ni hasira, sikufichi. Nilitaka kumuuliza nani amempa ruhusa. Jina langu! Nililolitolea jasho na supu na usiku wa homa! Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ndipo nikakumbuka kwamba jina la Somoe alikupa yeye, mimi ndiye niliyelitupa mwaka mzima nikakupa la marehemu. Na nikakumbuka kwamba ana watoto wengine huko, wa ndoa, wanaomwona kila siku. Angeweza kujiita Mama Salumu, kwa jina la mmoja wa hao, kama watu wengine wanavyojificha, na hakuna ambaye angemuuliza. Miaka yote hiyo amekubali kuitwa kwa jina la mtoto asiyekuwepo nyumbani. Kila jirani mpya aliyemuuliza, "Somoe ndiye yupi?" imembidi amjibu. Mimi sijawahi kuulizwa swali hilo hata mara moja. Kila mtu alikuwa anakuona.

Akasema, "Dada, uko hapo? Samahani, dada. Wananiita tu, nimeshindwa kuwakataza."

Nikamwambia, "Usiwakataze."

Nikamwambia pia aje stendi na mwavuli kwa sababu basi huchelewa na jua la huko nalijua. Unaona, hata yeye nimemwekea wasiwasi wangu. Akasema sawa dada, akasema ahsante dada, akalia, na vocha ikaisha.

Baba yako amerudi sasa hivi, amesimama mlangoni ananitazama naandika, amenusa kwamba nimelia, amekwenda kuwasha jiko mwenyewe, kitu anachofanya mara moja kwa mwaka. Nawe umenitumia ujumbe kwamba umebakiza mistari ya nyuma tu kusukwa. Sina muda mwingi. Nakujibu.

Ukishuka, usimwite mama mdogo. Usimwite Mama Zuhura, wala Mama Somoe kama majirani, wala usisimame ukisubiri yeye akuambie. Mwamkie shikamoo, kisha mwite mama. Mama tupu, bila kuongeza kitu nyuma yake. Na uliseme kwa sauti, maana atakuwa anatetemeka na anaweza asisikie. Usinitafute kwa macho ukilisema, usipunguze sauti kwa ajili yangu, na jioni ukinipigia usiniambie kwamba ulilisema kwa sababu nilikutuma.

Nilitaka kumalizia kwa kukuambia kwamba mimi halitaniuma. Litaniuma, Somoe. Mwite hivyo hivyo.

Mama Somoe wa Vingunguti